Mgeni Asimwone Eliya

Sakina, Arusha
11 Agosti 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za Kikwe, za ng'ombe na za vumbi la mwezi huu? Magoti je, bado yanakusumbua asubuhi? Sisi huku wazima, ila Angel alikuwa na mafua na sasa amepona. Nimeamua kuandika kwa sababu simu tumeshindwana: mimi napiga kelele hadi majirani wanatoka nje, na wewe unanijibu habari za mahindi. Barua nampa Elihuruma akimaliza kushusha ndizi zake hapa sokoni.

Mama, mgeni wetu amefika! Ni binti wa Kijerumani, miaka kumi na sita, anaitwa Lotte. Shule ya Angel ina urafiki na shule moja ya huko kwao, wanabadilishana wanafunzi. Atakaa kwetu hadi mwanzoni mwa Oktoba, anasoma darasa moja na Angel, na mwakani Angel naye akipendekezwa ataenda kukaa kwao. Wazazi wengi waliomba, tukachaguliwa sisi.

Richard amepaka rangi nyumba nzima. Makochi ya zamani ametoa, choo amebadilisha, na siku hizi ananiita "mpenzi" mbele ya mgeni. Hata ugali anakula kwa uma! Nikimwangalia nashindwa kumeza. Lotte mwenyewe anakula kwa mkono, tena anajilamba vidole.

Katikati ya Septemba tunataka kumleta Kikwe aone nyumbani kwa bibi. Nitakuandikia tena mambo ya kuandaa.

Msalimie Eliya.

Mwanao,
Penina


Kikwe
18 Agosti 2024

Penina mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipata, ina harufu ya ndizi mbivu. Magoti ni yaleyale, wala usiyaulize sana maana yanapenda kuulizwa. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye doa jeupe pajani.

Hiyo ya ugali kwa uma nimecheka hadi Eliya akaja mbio kuniuliza kuna nini. Nilipomsomea akacheka naye. Mdogo wako hajambo. Tangu wambadilishie vidonge, kifafa kinamwangusha mara chache, na akiinuka anarudi kukata majani ya ng'ombe kana kwamba hakuna lililotokea. Ndama huyo ni yeye aliyemvuta kutoka tumboni mwa mama yake, mimi nikishika taa.

Mleteni huyo Lote wenu (ndivyo ninavyoliweza jina lake). Nitapika loshoro ya mahindi na maziwa mgando, na ndizi za nyama. Eliya ameshasema ndama hatapewa jina hadi mgeni aje kulichagua. Jana amefagia uwanja wote mpaka kwa jirani, nikamwambia, "Baba, mgeni ni wa mwezi ujao."

Mwambie Baba Angel huku tunakula kwa mkono.

Mama yako


Sakina, Arusha
2 Septemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama na ndama ananyonya vizuri. Huku hatujambo, kazi tu.

Tutakuja Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Mama, tafadhali usikasirike na haya ninayoyaandika. Richard atatuma fundi aje kupaka chokaa choo na kuweka mlango wa kufungika. Lile rundo la samadi karibu na jiko lihamishwe, inzi ni wengi mno. Na ile loshoro, mama, yale maziwa yaliyoganda Lotte hatayaweza. Pika wali.

Sasa lile jingine. Ni kuhusu Eliya. Mama, unajua nampenda ndugu yangu. Lakini akianguka mbele ya mgeni itakuwaje? Lile povu, na yale anayojifanyia akiwa chini, na mkono ule ulioungua motoni. Lotte anapiga picha kila kitu anatuma kwao. Mwalimu anayesimamia mpango huu anaandika ripoti juu ya familia. Wakisikia kuna ugonjwa wa namna hiyo kwetu, watasema ni ukoo, na Angel ndiyo basi tena. Richard anasema pia mate yake si salama kwa watu kula sahani moja naye. Mimi simwamini sana kwa hilo, lakini wageni wana hofu zao.

Ni siku moja tu. Aende kwa shangazi Kaanaeli alale huko, Jumapili arudi. Yeye mwenyewe hatajua.

Mwanao anayekupenda,
Penina


Kikwe
5 Septemba 2024

Penina,

Hatujambo. Ndama ananyonya.

Barua yako niliisoma nikiwa jikoni. Nilipofika mwisho niliiweka chini nikaenda kunawa mikono kwa sabuni. Sijui kwa nini nilinawa, lakini nilinawa.

Fundi asije. Choo changu kinafagiliwa kila siku, na huyo mtoto akikiogopa kuna migomba. Samadi haihami kwa sababu ya Mjerumani, inangoja mvua iende shambani. Inzi hao ni walewale waliokuwa wakikutua usoni ukiwa mchanga, na hukufa.

Mate ya Eliya! Mimi nakula naye sahani moja tangu baba yenu Sadoki afariki, na kabla ya hapo. Daktari wa hospitali yetu ya Usa alikueleza wewe mwenyewe, ukiwa umevaa sare ya shule na umekaa mbele yake, kwamba kifafa hakiambukizi. Ulielewa wakati ule ukiwa na akili ya darasa la sita. Sasa una nyumba yenye vigae, umesahau.

Eliya haendi popote. Hapa ni kwao. Asiyetaka kumwona abaki Sakina ale ugali kwa uma.

Mama yako


Sakina, Arusha
9 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Pole kwa hasira niliyokupa. Tumezungumza na Richard na tumekuelewa, Eliya atakuwepo. Hata Richard amesema yeye atatangulia na gari asubuhi ile, ampeleke Eliya Kikatiti akanyolewe apendeze. Sisi tutakuja baadaye na teksi.

Pika chochote unachotaka.

Mwanao,
Penina


Kikwe
16 Septemba 2024

Penina,

Leo sina salamu.

Nataka nikuandikie yote, hata yale uliyoyaona kwa macho yako, kwa sababu najua huko Sakina yameshaanza kusimuliwa kwa namna nyingine.

Mume wako alikuja ukungu haujatoka. "Shikamoo mama, nimemfuata bwana harusi wangu!" Eliya akacheka. Alivaa shati la kanisani, akajipaka mafuta hadi masikioni. Alipopanda kile kiti cha mbele aliniinulia mkono kama mkuu wa mkoa. Niliwabariki wote wawili. Nilimbariki mume wako kwa mdomo huu.

Akarudi peke yake. "Kinyozi ana watu wengi, mama. Eliya atakuja na bodaboda." Mkafika ninyi. Yule mtoto alinipigia goti, Angel amemfundisha. Akala loshoro akaomba nyingine. Ni wewe uliyekuwa unaisukuma kwa kijiko pembeni ya sahani.

Halafu akaniuliza kwa kile Kiswahili chake, "Bibi, mjomba Eliya wapi? Na ndama yake?" Kumbe Angel alishamwonyesha picha zake siku nyingi na kumweleza kila kitu, kifafa na mkono na vyote. Ninyi mlikuwa mnaficha mtu ambaye mgeni alikuwa anamfahamu.

Mume wako akadakia, "Amesafiri. Yuko Dodoma, kikazi."

Nikamwambia, "Richard, umeniambia yuko kwa kinyozi."

Angel naye, "Baba, mjomba ana kazi gani Dodoma?"

Akaanza kumwelekea mgeni na Kiingereza, meno yote nje. Nikakugeukia wewe. Nikakuuliza, "Penina, mwanangu yuko wapi?" Ukachukua upawa ukaanza kunipakulia nyama ambayo sikuomba. Ukasema ukiiangalia sufuria, "Yuko kwa Dismasi, mama. Anapumzika tu. Jioni ataletwa."

Ndipo nikamwambia Angel atafsiri: "Mwambie mgeni kwamba Eliya amefichwa ili yeye asimwone." Mtoto alimwangalia baba yake, akaniangalia mimi, akatafsiri. Sikungoja kuona sura ya mtu. Niliondoka na mikono yenye mchuzi, nikasimamisha pikipiki barabarani.

Mengine hukuyaona, kwa hiyo soma.

Huyo Dismasi, rafiki wa mume wako, anauza saruji na mabati pale Kikatiti. Nilimkuta amekaa kwenye benchi anakunywa soda. Nikauliza mwanangu. Akasema, "Yumo stoo. Nilifunga kidogo asije akawatisha wateja." Alikuwa na kufuli kubwa kama la ghala la kijiji. Alitafuta ufunguo mifuko yote, polepole, huku akinieleza kwamba amemsaidia tu Richard.

Eliya alikuwa ameanguka katikati ya mifuko ya saruji. Mmoja ulikuwa umepasuka. Saruji ilimwingia mdomoni na kwenye jicho la kushoto, ikachanganyika na povu na damu ya ulimi, ikaanza kumgandia shavuni. Mtu anayeganda, Penina. Suruali ilikuwa imelowa, amejiharia, inzi wamemjaa. Shati la kanisani nilijua ni lenyewe kwa vifungo tu. Nilimwosha kwa maji ya dumu, na Dismasi amesimama mlangoni ameziba pua kwa shati lake. Nilipomuomba maji mengine aliniletea kwenye kopo la rangi akaliweka chini mbali, nilifuate.

Pale nyuma ya duka nilitapika. Si kwa harufu ya mwanangu, hiyo nimeishi nayo. Nilitapika kwa sababu nilikumbuka nilivyombariki Richard, na kwa sababu wewe ulijua. Ulijua wakati unanipigia goti, ulijua wakati unasema "mama, nyama imeiva vizuri."

Zahanati walimwosha jicho muda mrefu. Midomo imeungua. Jicho wanasema tungoje. Na alipopata fahamu sawasawa, unajua aliniuliza nini? Kama mgeni ameshafika.

Tuliporudi mlikuwa mmeondoka. Mchele na mafuta mliyoacha nampa Elihuruma awarudishie. Siwezi kuvila.

Usije. Mume wako akikanyaga hapa nitapiga yowe majirani wote waje.

Mama yake Eliya


Sakina, Arusha
22 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Eliya anaendeleaje? Jicho linaona?

Barua yako imenikata. Lakini mama, na wewe nielewe. Hatukujua Dismasi atafunga mlango. Richard alimwambia amkalishe dukani, ampe chai na andazi. Kuanguka ni bahati mbaya, angeweza kuanguka hata nyumbani. Na pale mezani ungeweza kuniita pembeni, tungezungumza kama watu wazima, badala ya kutuvua nguo mbele ya mtoto wa watu kwa mdomo wa Angel. Richard hajalala vizuri tangu siku ile. Tumemweleza Lotte kwamba ilikuwa ni kwa ajili ya afya ya Eliya, asichoke na wageni. Nadhani ameelewa.

Nimekuwekea dawa ya macho kwenye mfuko huu wa Elihuruma. Hiyo tu usiirudishe.

Mwanao,
Penina


Sakina, Arusha
13 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo.

Elihuruma anasema dawa uliipokea. Anasema pia hukumpa barua yoyote, na kila nikimuuliza zaidi anajifanya anahesabu mikungu yake. Wiki iliyopita nilifika hadi Kikwe pale njia panda. Nikaona moshi wa jiko lako, nikarudi.

Lotte ameondoka. Aliniaga vizuri, akanikumbatia, akanishukuru kwa chakula. Uwanja wa ndege, Richard akiwa anashusha mabegi, aliniuliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka kidogo siku hizi: "Mama Penina, kwa nini hukuniuliza mimi?" Sikuelewa. Akasema, "Kama naogopa Eliya. Kwa nini hukuniuliza?" Mama, ni kweli hakuna aliyemuuliza. Nimelitafuta jibu kutoka uwanjani hadi Sakina na sijalipata, au nimelipata na sitaki kuliandika.

Angel hazungumzi na baba yake. Kwangu anajibu "ndiyo" na "hapana".

Lakini kilichonifanya niandike ni cha Jumapili iliyopita. Richard aliwaita rafiki zake kula nyama, Dismasi akiwemo. Mimi nawahudumia. Richard akaanza kuwasimulia, akiigiza sauti yako: "Mwanangu yuko wapi!" Dismasi akasema, "Nami nimemhifadhi kama mfuko wa saruji, asipate unyevu!" Mama, walicheka. Mmoja alicheka hadi akapaliwa, Richard akampiga mgongoni na mkono wenye mafuta. Nilisimama pale na sinia, nikaona midomo yao inavyong'aa, nyama imewanasa kwenye meno, nikaweka sinia chini. Nikaenda bafuni, lile bafu la kumpokelea mgeni, nikajifungia. Nilijiangalia kwenye kioo. Na mimi midomo yangu ilikuwa inang'aa kwa mafuta.

Ananiambia ameshamwandikia mwalimu kwamba mwakani tuko tayari kupokea mwingine. Anasema kosa letu lilikuwa kumleta Kikwe.

Mama, mimi nilijua. Sikujua kufuli, lakini yote mengine nilijua, na lile neno la kinyozi nililitunga mimi. Richard hana akili ya kutunga vile.

Niambie nifanye nini.

Penina wako


Kikwe
20 Oktoba 2024

Penina,

Marahaba. Mimi mzima. Eliya jicho limepona, ila kwenye jua linatoa machozi. Midomo imebaki na alama nyeupe. Ndama ananenepa, bado hana jina.

Moshi uliouona kutoka njia panda, nilikuwa nachemsha maziwa. Nilikuona. Gauni lako la njano linaonekana mbali.

Unaniuliza ufanye nini, mwanamke mzima. Sitaki pole zako, sitaki mfuko, sitaki uniletee Baba Angel apige magoti akiwa anaangalia saa. Hao waliokuwa wanacheka na nyama midomoni ni wa nyumbani kwako, utajua mwenyewe utakavyoishi nao. Mimi ningeshindwa hata kuosha sahani zao.

Lakini Jumapili ijayo ni sikukuu ya mavuno hapa usharikani. Njoo ibada ya kwanza. Kaa na Eliya benchi la mbele, upande wa kwaya, watu wote wawaone. Mimi nitakaa nyuma na akina mama. Akianguka, ni wewe utakayemshika. Sitainuka, na nimemwambia mzee wa kanisa naye asiinuke.

Ukishindwa, usiandike kueleza.

Mama


Sakina, Arusha
29 Oktoba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nilifika salama. Wewe na Eliya mmeamkaje?

Ulikuwepo, uliona. Lakini kuna ambayo, ukiwa nyuma, hukuweza kuyaona, na pale nyumbani nilishindwa kuyasema.

Eliya aliponiona mlangoni mwa kanisa alisema, "Dada, umekuja na nani?" Nikasema nimekuja peke yangu. Akasema, "Basi nafasi ipo." Hakuuliza lingine. Alinishika mkono mbele za watu kwa ule mkono wake ulioungua, na mama, nilitaka kuutoa wangu. Naandika ukweli. Niliuacha.

Watu walikuwa wanapeleka mikungu na mahindi mbele, kwaya inaimba, nikaanza kufikiri labda Mungu atanihurumia tutamaliza salama. Ndipo nikasikia ile sauti yake kooni. Akanilalia begani, kisha akaniporomokea miguuni. Nilipiga magoti nikamgeuza ubavu kama alivyotufundisha yule daktari, mikono bado ilikuwa inakumbuka. Povu lilinishuka kwenye mkono. Halafu gauni langu lote mbele likawa la moto, nikajua. Wale akina mama wa benchi la pili walivuta miguu yao. Mmoja ninamjua, tulisoma naye. Aliweka leso puani akaniangalia mimi, si Eliya. Na uso ule ulikuwa uso wangu, mama. Ndivyo nilivyokuwa nikiangalia.

Nilisikia kinyaa. Nilidhani nikimshika kitaondoka, kama wanavyosema kwenye mahubiri. Hakikuondoka. Nilimeza mate ya kichefuchefu huku nimemshika kichwa, na nikawa nahesabu tu pumzi zake. Kwaya haikunyamaza, nawashukuru. Alipofungua macho alisema, "Dada, umelowa." Nikasema, "Ndiyo, baba, nimelowa."

Sijui kama hiki ndicho ulichotaka nikione. Sijapona. Ninaogopa Jumapili nyingine.

Nilirudi Sakina na kitenge chako. Richard alikuwa sebuleni. Akanusa, akasema, "Unanuka nini?" Nikamwambia, "Nanuka kwetu." Akasema nikaoge kabla sijagusa makochi. Nilikaa, mama. Nilikaa kwenye kochi lile jeupe katikati, na kitenge chako, nikamwambia kwamba mwakani hakuna mgeni atakayelala katika nyumba hii kabla Eliya hajalala humu. Alitoka akabamiza mlango.

Angel alikuja akakaa karibu nami. Naye alivuta pumzi kwa mdomo, nilimwona. Lakini alikaa.

Mwanao,
Penina


Kikwe
2 Novemba 2024

Penina mwanangu,

Marahaba, na Angel mpe salamu zangu. Huku mvua zimeanza, samadi imeenda shambani. Eliya hajaanguka tangu Jumapili. Anawaambia watu wote njiani kwamba dada yake alilowa kanisani, na anacheka peke yake hadi anashika mti.

Gauni lako la njano nimelifua kwa maji ya majivu, nikalianika, limekauka. Doa limetoka. Elihuruma alitaka kulichukua akuletee, nikamkatalia.

Lipo hapa kwenye kamba. Lifuate mwenyewe.

Mama yenu